Michembe Imenyeshewa, Mayu

Mayu,

Shikamoo. Marahaba yako siisikii tena, lakini wewe mama yangu ulinilea nisimpite mkubwa bila salamu, na kufa hakujakupunguzia ukubwa. Sisi huku machimboni hatujambo. Ungekuwepo ungeniuliza mara ya pili, maana hukuwa unaiamini "hatujambo" ya kwanza ya mtu yeyote. Haya, nakujibu ile ya pili. Sikuwa mzima, mayu. Karibu mwaka mzima sikuwa mzima, na leo ndiyo nimeweza kukaa nikakueleza.

Unaikumbuka asubuhi ile ya mwisho nilipokupigia simu huko Kishapu? Ulikuwa unakata viazi vitamu na kuanika michembe kwenye jiwe nyuma ya nyumba, unawatukana kuku wa jirani waliokuwa wanakanyaga viazi vyako. Nikakuuliza hali, ukacheka, ukasema, "Mhola duhu, salama tu. Wewe kaa ule, usinipigie umesimama." Nikakata simu, nikabeba ndoo ya nguo, nikaenda kufua bombani. Niliporudi, simu niliyoiacha mezani ilikuwa imejaa namba ya kaka Kulwa. Presha, wakasema. Uliketi kwenye kivuli cha ukuta, ukasema umechoka, basi.

Kila aliyekuja msibani aliniambia ulikwenda vizuri, hukuteseka. Sawa, namshukuru Mungu. Lakini mimi niliyebaki nilijifunza jambo baya siku ile, kwamba mtu anaweza kucheka asubuhi na mchana akawa hayupo. Tangu hapo nikawa simwamini mtu anayecheka. Mjukuu wako Neema akikohoa mara moja, mkono wangu uko kwenye paji la uso wake. Simu ikilia, nimeshasimama kabla sijaona nani anapiga, hata kama ni kampuni ya simu inanitangazia vifurushi. Moyo ulikuwa unanidunda nikiwa nimekaa tu nachagua mchele. Vidole vinakufa ganzi. Nikawa naogopa na ile hofu yenyewe.

Na Baba Neema, mkweo, kila siku anashuka kwenye duara. Wewe ulikataa katakata kwenda kuliona hilo shimo lao, ukasema mtu akitaka shimo angojee zamu yake, litamfikia tu. Kazi yake ni kuweka magogo yanayozuia kuta zisianguke, wenyewe wanayaita matimba. Ni kazi ya heshima, na ndiyo maana miaka yote hiyo nililala vizuri. Ulipokufa wewe, usingizi ukaenda nawe.

Hata michembe ilinishinda. Mwanzo wa mavuno ya mwaka huu nilianika kwenye jiwe la hapa nyumbani, kama ulivyonifundisha. Kila wingu lilipopita, hata liwe dogo namna gani, nilikimbia nikakusanya, nikaingiza ndani. Jua likirudi natoa. Wingu likija naingiza. Unajua kilichotokea bila hata kukuambia. Haikuona jua la kutosha, ikaota ukungu yote, ikanuka, tukaitupa. Na mvua yenyewe haikunyesha hata tone. Ningekuwa karibu yako ungenicheka mpaka ulie.

Watu walikuwa na majibu mengi. Mama mdogo alisema ni wewe unayenisumbua, eti una kiu, nirudi Kishapu nikakumwagie pombe. Nikamwambia mama yangu alikuwa anakunywa chai. Dada mmoja wa kwaya akasema imani yangu ni ndogo, niombe kwa sauti kubwa zaidi. Niliomba mpaka sauti ikakauka, nikabaki muoga asiye na sauti.

Halafu ikaja siku ile. Ilikuwa mchana, nasonga ugali. Wingu likapita, jua likafifia mlangoni, na hapohapo nikajua Baba Neema amefukiwa. Nasema nilijua, mayu. Sikudhani. Nikapiga simu, haipatikani. Haipatikani kila siku, kule chini hakuna mtandao, nalijua hilo tangu nimeolewa. Nikauacha mwiko umesimama kwenye ugali, nikakimbia na kanga moja.

Huku wana desturi ambayo mke wa mchimbaji huambiwa mapema kabisa: jina la mtu aliye chini haliitwi kwenye mdomo wa duara. Ukimtaka mtu unamwambia mshika kamba, naye anaivuta kamba kwa namna yao, mtu anapanda taratibu. Jina likiitwa kwa sauti, maana yake ni msiba, au udongo unashuka. Mimi niliinama pale nikapiga ukelele, "Baba Neema! Baba Neema!"

Walitoka wote. Walipanda wakisukumana, wameacha nyundo, wameacha viroba vya mawe, mmoja ana buti mguu mmoja. Mungu alisaidia, hakuna aliyeumia. Mume wangu alitoka wa mwisho, maana fundi wa matimba ndiye hutoka mwisho. Hakunigombeza. Alinishika mabega, uso wote udongo, macho yamemtoka, akasema, "Neema yuko wapi? Mtoto amefanya nini?" Alidhani Neema amekufa. Mayu, sijawahi kuona hofu yangu usoni kwa mtu mwingine mpaka siku ile. Nikatamani ardhi inimeze mimi badala yake.

Mwenye duara alimwambia kwa upole apumzike nyumbani mpaka mkewe atulie. Wenzake nao hawakutaka kushuka naye, jina lililoitwa pale linakaa masikioni. Akakaa nyumbani siku nyingi akitengeneza vitu ambavyo havikuharibika. Halafu akatoa lile begi kubwa la shangazi kaja, akapanga nguo zake, akaliweka karibu na mlango. Akasema kuna rashi mpya, dhahabu imezuka mbali huko na watu wanakimbilia, na yeye anaenda. "Huko hutaniita," akasema. Hakusema kwa hasira, na ndiyo maana iliniuma sana. Unawajua wanaume wanaokwenda kwenye rashi. Wengine hurudi, wengine hutuma salamu tu, wengine huanza nyumba nyingine. Niliyekuwa nahofia kumpoteza kwa kifusi nilikuwa nampoteza kwa mdomo wangu mwenyewe. Nikamwomba anisubiri mpaka viazi vya mwisho vitoke shambani. Akaitikia kwa kichwa. Begi hakuliondoa mlangoni.

Ndipo nikaenda kwa Mama Mchungaji. Unamkumbuka, yule mwenye miwani uliyemwona siku ya ubatizo wa Neema, ukasema anatembea kama aliyesahau kitu nyumbani. Kumbe alisomea ushauri nasaha, na kuna chumba kidogo nyuma ya kanisa anakokaa na watu. Nilikwenda nimejiandaa kuwekewa mikono kichwani na kukemewa mapepo. Akanipa ungo wa karanga tumenye. Alimenya, akamenya, mpaka mimi mwenyewe nikaanza kusema.

Kwanza alinipeleka zahanati. Nesi akapima, akasema moyo mzima, presha nayo iko sawa. Ungeamini nilikasirika? Niliona kama wananinyima ugonjwa. Mama Mchungaji akasema tumshukuru Mungu kwa hilo, na kwamba nikizidiwa asingeona aibu kunipeleka hospitali kubwa, maana maombi na daktari hawajawahi kugombana. Halafu akaniambia, "Yesu mwenyewe aliogopa kule bustanini, mpaka jasho likamtoka. Na aliwaambia rafiki zake, hakuwaficha. Wewe umemwambia nani?"

Nikasema sijamwambia mtu. Nikasema wa kumwambia alikuwa mama.

Nililia, mayu. Msibani kwako sikulia vile, nilikuwa nahangaika na wageni na masufuria. Nililia juu ya ungo wa karanga wa mtu, na yeye hakuniambia ninyamaze. Aliponiona nimemaliza akauliza mama alikuwa mtu wa namna gani. Nikamweleza habari zako mpaka mchana ukaisha.

Nilirudi kwake mara nyingi. Alinifundisha mambo madogo tu, ya kutosha mkononi. Nichague kigoda kimoja na wakati mmoja wa mchana, baada ya vyombo. Hapo niogope yote, nimtajie Mungu kila hofu kwa jina, hata zile za aibu, kisha niseme amina ninyanyuke. Hofu ikija saa nyingine niiambie isubiri kigoda. Na mkono ukitaka simu, au mguu ukitaka kukimbia, kwanza nimalize nilichoshika, huku navuta pumzi polepole na kuitoa polepole zaidi. Kama nimeshika sahani, nisuuze zote. Kigoda nilichochagua ni kile chako cha miguu mitatu, nilichokuja nacho kutoka msibani. Wiki za mwanzo hofu haikusubiri kigoda wala nini, ilinifuata mpaka chooni. Lakini vyombo vya nyumba hii vilikuwa vinang'aa, Baba Neema akauliza kama tunategemea mgeni.

Siku moja Mama Mchungaji akamwita na yeye. Alikuja na shati lake la Jumapili, akakaa ukingoni mwa kiti. Akaulizwa swali moja tu, kama yeye huogopa. Akasema, "Kila siku. Kabla sijashuka nagonga gogo la kwanza kwa kiganja, nasikiliza linavyolia, namwambia Mungu naogopa, halafu nashuka. Sikuwahi kumwambia Mama Neema. Niliona atazidi." Mimi nikataka kumkumbatia na kumpiga kwa pamoja. Miaka yote tumelala kitanda kimoja, kila mtu na hofu yake ameificha chini ya mto wake.

Nikapika sufuria la maharage na wali, nikaenda nalo kwenye duara wakati wa chakula. Niliwasalimia mmoja mmoja, nikawaomba radhi kwa kuwatoa roho. Mshika kamba, mzee mwenye masihara, akasema kama kila ukelele utaleta wali, basi niwe napiga kila Jumatatu. Wakacheka. Wakasema mume wangu aje siku moja, waone.

Siku hiyo moja ndiyo ninayotaka kukusimulia.

Aliondoka asubuhi. Begi lilikuwa bado mlangoni, alilipita kama analipita mtu. Mimi nilikuwa nimetoa viazi vya mwisho, nikamenya, nikakata, nikavitandaza kwenye jiwe vikajaa. Mchana likaja wingu. Hili halikuwa la kupita. Lilikuja jeusi kutoka upande wa ziwa, upepo ukainua vumbi. Nilikuwa na kisu mkononi na kiazi nusu. Mayu, kila kitu mwilini kilisimama. Mikono ilitaka michembe, miguu ilitaka duara, koo lilikuwa tayari na jina. Haikuwa hata saa ya kigoda.

Nikamenya kile kiazi. Nikavuta pumzi. Nikasema kwa sauti, kuku wanasikia, "Mungu wangu, naogopa Baba Neema atafukiwa. Naogopa nitabaki peke yangu kama nilivyobaki na simu ile." Nikakikata kiazi vipande, nikavipanga kwenye jiwe kimoja kimoja. Nikaamua kwamba safari hii sikimbii wingu. Likidondosha tone ndiyo nitakusanya.

Halikudondosha tone. Lilimwaga. Kabla sijainua ungo, jiwe zima lilikuwa linatiririka, na michembe inaelea kwenda kwenye majani. Nilisimama pale nimelowa chapachapa, nikakumbuka ulivyokuwa unasimulia siku uliyonizaa, ile mvua ya kwanza ya mwaka iliyokukuta na uchungu huku michembe yote iko juani na hakuna wa kuianua, mpaka mkaniita Kabula kwa ajili ya hiyo mvua. Nilikuwa nakuuliza kila mara, sasa michembe ikawaje? Na wewe kila mara ulinijibu vilevile, bila kuona ajabu yoyote: "Ikanyeshewa. Kesho yake jua likatoka, tukaianika tena, tukaila."

Nikacheka, mayu. Nilicheka peke yangu kwenye mvua, majirani wakachungulia. Hofu ilikuwepo bado, imesimama palepale karibu yangu. Lakini miguu haikwenda. Sikuita.

Mvua ilipokatika nilianza kuokota. Baba Neema akarudi saa yake ya kawaida, amelowa, udongo mpaka kwenye nyusi. Mvua ilipoanza mshika kamba aliwavuta wote juu kama wafanyavyo siku zote, wakakaa kibandani wakinywa chai. Alisimama akaniangalia. Akasema, "Hukuja."

"Sikuja."

Akaingia ndani. Nikasikia zipu ya lile begi, nikajua ndiyo basi, amengoja viazi vya mwisho kama alivyoahidi. Akatoka nalo mkononi, tupu, nguo zake zote amezimwaga kitandani. Akapiga magoti kwenye matope, akaanza kuokota michembe na kuitia humo.

Neema alipotoka shule alitukuta tumeinama wote wawili, akauliza nini kimetokea. Baba yake akamjibu, "Imenyeshewa. Kesho tutaianika tena."

Sikumsimulia habari ile ya kuzaliwa kwangu, mayu. Labda ulimsimulia wewe. Labda hakuna kingine cha kusema mtu akiwa na michembe mbichi.

Leo jua limetoka. Ninakuandikia nimekaa kwenye kigoda chako, lakini saa ya kuogopa imekwisha, nimeongeza muda kwa ajili yako. Michembe iko juani, mkweo yuko chini ya ardhi, mjukuu wako yuko shule, na mimi ninaogopa kiasi. Sikuahidi kwamba sitaogopa, wewe hukupenda waongo. Ninakuahidi kwamba wa kumwambia nitamtafuta, sitasubiri tena mpaka nipige ukelele. Na simu nitaipokea nimekaa, nimekula.

Pumzika, mayu. Wabeja, asante kwa yote. Kuna wingu linakuja kutoka upande wa ziwa, nami bado nimekaa.

Mwanao,
Kabula