Alipokubali Tuuze Mahindi

Jumatatu usiku, Msamala

...na mimi nilikuwa bado nangoja homa ishuke yenyewe. Tangu Ijumaa mume wangu anachemka. Anameza panadol, anajifukiza chini ya blanketi kwa majani aliyoleta mama yake kutoka Mpitimbi, anatoka na jasho na kusema, "Ni uchovu wa shamba tu." Hospitali hataki hata kuisikia.

Leo mchana nikajikwaa tena kwenye magunia ya mahindi yaliyojaa sebuleni. Tangu tuvune tunagombana: mimi nataka tuuze, yeye anangoja bei ipande. Nikalalamika kwa mazoea tu.

Akajibu kwa upole, "Uza tu, mke wangu. Uza yote."

Huyo hakuwa mume wangu ninayemjua. Nikaita bajaji, tukaenda hospitali.

Daktari akauliza kama anatapika, kama anaongea mambo yasiyoeleweka. Nikamwambia, "Amekubali tuuze mahindi." Nilidhani atacheka. Kumbe ni mwenyeji wa hapahapa, analima. Akainuka mara moja, akasema, "Mama, mmechelewa. Homa ikishafika kichwani haitibiwi nyumbani."

Malaria kali.

Naogopa kufikiri: ingekuwaje angenibishia kama kawaida yake? Ningemwacha amelala tu, na kesho...

Jioni, dripu ikielekea kuisha, akafumbua macho na kunitazama kwa ukali.

"Hujayauza?"

"Bado."

"Ole wako."

Nimerudi nyumbani kuchukua shuka. Nimekaa juu ya gunia, na leo halinikeri hata kidogo.