Nilimfunga Salu Mkono wa Kushoto

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla pamba yetu haijauzwa, maana baba Salu amesema ikishauzwa tu mwanangu atakatwa kimeo.

Mimi ni mkulima wa kijiji cha ujamaa karibu na Ngulyati, na Salu ni binti yangu wa miaka saba, tangu utoto anatumia kushoto kwa ugali, kwa kuni, kwa kila kitu, nami sikujali mpaka siku balozi wetu wa nyumba kumi alipotutembelea, Salu akapiga magoti vizuri akampa maji kwa mkono huo, mzee akakataa kuyapokea, nikaona aibu mbele ya mama mkwe, na kesho yake nikamfunga mtoto mkono kwa kipande cha khanga, na baba yake alipouliza nikasema ameungua.

Mwezi wa pili tangu nimfunge akaanza kigugumizi, sasa hukwama mpaka machozi yanamtoka, na mama mkwe anasema kimeo, kile kinyama cha kooni, kimerefuka ndicho kinachomkwamisha, mkataji wa Lagangabilili ameshaitwa, nami nimenyamaza. Juzi nikiwa nyuma ya ghala nilimwona Salu peke yake na ndama, kitambaa amekivua, anachora chini kwa kushoto huku akimsimulia ndama habari ndefu bila kukwama hata mara moja. Aliponiona aliuficha mkono mgongoni, akaniita mama kwa Kisukuma chetu, "Ma-ma-mayu, usinifunge."

Mshauri, mimi ndiye niliyemharibu mwanangu? Nikimwambia mume wangu Luhaga, si atanifukuza?

Felisita, Bariadi, Mei 1976

Mama Salu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimesimama. Mtoto anangojewa na kisu kooni, wewe unajua unachokijua, na umenyamaza? Umenishtua, sikufichi.

Nimemuuliza daktari ninayemwamini. Anasema upande mmoja wa ubongo huongoza mkono wa upande wa pili, na wapo wanaozaliwa kama Salu. Si ugonjwa wala utovu wa adabu. Kama kufungwa ndiko kulikoleta kigugumizi, wataalamu wenyewe bado wanabishana. Watoto wengi huanza kukwama bila kuguswa na mtu, na wengi wao huongea vizuri na mnyama kwa kuwa mnyama hawakatizi. Kwa hiyo usijihukumu kwa hilo. Jihukumu kwa hili: umemfundisha binti yako kuuogopa mkono wake mwenyewe, na umemdanganya baba yake. Pole, lakini ndivyo ilivyo.

Kimeo hakihusiani kabisa na kigugumizi, na mtoto anaweza kuvuja damu mpaka afe. Mwambie Luhaga leo, kabla hamjala. Atakasirika, ana haki, ila mwanamume anayehangaika hivyo kumtibu binti yake hatashindwa kukusikiliza. Mkataji arudishwe. Mwalimu wa darasa la kwanza aombwe asimchape kwa kuandika kushoto. Na kwa wageni, Salu atoe maji kwa mikono yote miwili. Balozi atayapokea, tena atamsifu.

Kile kitambaa kitie motoni Salu akiona. Kisha muulize alikuwa akimsimulia nini yule ndama, ukae chini, na hata akikwama mara kumi, wewe nyamaza mpaka amalize.