Sauti Aliyoitambua Teofili

Amna, upo? Ni kuhusu mume wangu, Teofili.

Unaijua ile kampuni anayoifanyia kazi, inayochambua video za mitandaoni na kuwauzia wateja taarifa za vita. Leo wamemtumia video ya kijiji kilichochomwa ng'ambo ya mto Ruvuma. Kuna mtu haonekani, anasikika akiomba asiuawe, halafu mlio wa risasi. Wakamuuliza Teofili lafudhi hiyo ni ya wapi.

Amna, ni Fidelis. Mdogo wake, aliyevuka kwenda kutafuta kazi.

Ameirudia mara nne. Ni Fidelis.

Akawaandikia, "Ni mtu wa Marambo, kijijini kwetu. Ni mdogo wangu."

Bosi akajibu, "Pole sana. Una uhakika ni Marambo?"

Akajibu ndiyo.

Sasa amewasha pikipiki, anakwenda kumwambia mama yao.