Chungu cha Nsansa

Bariadi, Jumapili, msimu wa kuuza pamba

Mayu,

Mama yangu, ninakuandikia nikiwa kwenye benchi, nje ya wodi ya wanaume. Baba yuko ndani. Ninaogopa, na nikiogopa mtu wa kumwambia ni wewe, hata sasa.

Kijiji chetu cha Kasoli kimebadilika tangu utuache. Wanunuzi binafsi wameweka mizani zao mkabala na ile ya chama cha ushirika, wanagombania wakulima kama wachumba. Vidonge vya maumivu, vile ulivyokuwa ukivifuata kwenye duka jipya la dawa, sasa vinauzwa hata gengeni, kando ya sabuni na viberiti. Ulikuwa ukivimeza asubuhi kabla ya uji, ili mgongo ukuruhusu kuchuma. Tumbo likianza kuwaka unakoroga maji ya magadi, unakunywa, unacheka: "Tumbo langu lina wivu, halitaki mgongo upone peke yake."

Kwenye chuo cha uuguzi tunasoma magonjwa ya mfumo wa chakula. Tulianza na kuhara, tukaja kufunga choo, kidole tumbo, kisha vidonda vya tumbo. Mwalimu alisema vile vidonge vikimezwa mara kwa mara, tena tumbo likiwa tupu, vinaweza kulichubua mpaka livuje damu. Damu hiyo ikishuka, mgonjwa anapata choo cheusi, kinachonata kama lami, chenye harufu kali. "Msingoje mpaka atapike damu," alisema. "Hapo mmeshachelewa."

Wenzangu waliandika. Mimi nilikuona wewe ukitoka chooni umeshika ukuta, unatuambia, "Ni nsansa hiyo. Mtu akila majani meusi mlitaka atoe nini, maziwa?" Na sisi tukacheka. Nani angebisha? Majani ya kunde ulikuwa ukiyachuma mwenyewe, ukiyachemsha, ukiyaanika juani mpaka yanakuwa meusi, na mboga yetu ya kiangazi ilikuwa hiyo hiyo.

Juzi nilipata ruhusa nikaenda nyumbani. Baba hakuinuka kunipokea. Alikuwa amekaa juu ya gunia la pamba, mkono umebana chini ya kifua, anasema mgongo tu unamsumbua, na vile vidonge vinamtosha. Alipotoka chooni niliingia. Unisamehe, Mayu, najua mtoto wa kike hafanyi hivyo. Nilikiona pembeni mwa tundu, cheusi kama lami. Harufu ilikuwa ile ile ya chumbani kwako siku za mwisho.

Nilipotoka alikuwa amesimama ananingoja. "Nesi gani huyu anayechungulia choo cha baba yake?" Alitaka nicheke. Sikuweza. Ndipo akasema, "Ni nsansa tu, mwanangu."

Nilikwenda jikoni. Chungu chako cha nsansa bado kiko juu ya dari, kama ulivyokifunika kwa sahani ya bati. Nilikishusha. Ndani mlikuwa na vumbi na utando wa buibui. Tangu uondoke hakuna aliyeanika majani ya kunde nyumba hii. Nilikibeba, nikakiweka miguuni pake.

Alichungulia ndani. Kisha akasema, "Nilidhani nikiitaja utatulia. Mama yako alitutuliza hivyo hivyo."

Mayu, ulikuwa unajua? Neno hilo limenikaa kifuani tangu juzi.

Tulipanda lori la mnunuzi kuja hospitali, Baba akalala juu ya magunia. Nilimfunua kope ya chini, nikakuta ndani peupe kama pamba aliyolalia. Mshipa wa mkono ulikuwa unakimbia. Dereva alinung'unika kwamba tunamchelewesha, lakini kwenye mashimo alipita polepole bila kuombwa.

Daktari anasema bado anavuja. Wamemkataza kula, wamemtundikia maji, na damu waliyonitoa mimi inaingia mkononi mwake. Mlango ukifunguliwa ninatazama viatu vya anayetoka. Usoni siwezi.

Sina habari njema ya kufungia barua hii. Nina ahadi tu. Kunde zikichipua nitaanika majani kama ulivyofanya, tutakula, lakini hakuna atakayejificha nyuma ya nsansa tena katika nyumba yako. Na nikivaa sare ya uuguzi nitauliza kila mgonjwa wa tumbo: umemeza nini, umekula nini, choo kina rangi gani. Nitauliza hata kama ni mkwe wangu, hata akikasirika.

Mlango umefunguliwa tena. Ni mfagizi.

Pumzika, Mayu. Kama huko mnasikia, usimwite Baba bado. Nami hapa kwenye benchi, unikumbuke.

Mwanao,
Minza