Fumua, Mama

4 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje? Mimi mzima, ila uchovu. Kutwa napaka rangi kuta za nyumba za watu, zote nyeupe, jioni ndipo nachora.

Umeniandikia kwamba picha niliyokuchora ukiwa kwenye cherehani, ile niliyokutumia nakala, ni nzuri. Mwenye ukumbi wa maonyesho naye alisema nzuri, kisha akanirudishia. Kanipa mpaka mwisho wa Mei niirekebishe, wala hakusema kasoro iko wapi. Rafiki zangu nao, nzuri tu. Ikirudi tena naacha kuchora, nabaki na kuta. Si hasira, mama. Nimechoka.

Wewe nakujua. Mteja akijitazama kwenye kioo unamwambia gauni limemkaa, akishatoka unamwambia fundi mwenzako kwapani panabana. Mimi usinifanye mteja. Picha hii ingekuwa gauni, ungeanza kufumua wapi?

Mwanao

2 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Mguu ni uleule, jioni unavimba. Nimechelewa kujibu kwa sababu barua yako ilinikera. Nikasema, huyu anataka nimwambie ukweli halafu aninunie. Lakini umetaka mwenyewe.

Picha nimeibandika juu ya cherehani, naitazama huku nashona. Kitambaa umekipata, kinaanguka vizuri. Yule mwanamke ndiye simjui. Mgongo umenyooka kama anapigwa picha ya pasipoti. Anatabasamu, nani anatabasamu akishona sare za shule? Tena anatutazama sisi, na mashine inakwenda. Atajishona kidole.

Umenichora sijachoka. Najua ni mapenzi, hutaki watu waone mama yako alivyochakaa. Lakini hapo ni wewe uliyenifanya mteja, mwanangu. Umeniambia limenikaa, na kwapani panabana. Fumua kuanzia mgongo.

Mama yako

29 Mei

Mama,

Shikamoo. Natumaini mguu umepata nafuu. Hukukosea, nilinuna. Ndiyo maana nikakaa kimya. Nilikuwa najibizana nawe kichwani huku napaka kuta za watu.

Juzijuzi nilijiona kwenye kioo cha bafu nililokuwa nalipaka rangi, nimeinama na brashi yangu. Mgongo ule ulikuwa wako. Nikarudi nikafumua picha yote, mpaka uso. Mwenye ukumbi nimeshampelekea, hajajibu. Nakuwekea nakala humu. Niambie ulivyoiona, na usinionee huruma.

Mwanao

11 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Bahasha imefika, nikaifungua kazini, sare zimejaa mezani. Nimetafuta pa kufumua. Kidole kimoja kimekuwa kirefu, utajua mwenyewe cha kufanya. Zaidi ya hapo sina neno.

Mwenye ukumbi akiikataa, ilete huku, nina pa kuitundika. Na kuchora usiache, nakuomba.

Umesema nisikuonee huruma. Wewe sikukuonea. Nimemwonea huruma yule mama wa kwenye picha. Nilimtazama mpaka machozi yakanitoka, nikajiambia, huyu ningekutana naye njiani ningempokea mzigo. Fundi mwenzangu akauliza kulikoni, nikamwambia leo nafunga. Sare zikabaki hapohapo mezani. Nikafunika cherehani, nikaenda nyumbani, nikalala mchana kweupe.

Nimeamka sasa hivi, ndiyo nakuandikia.

Mama yako