Beberu wa Mjomba Hakojoi

Bagira, Bukavu

Papa mpendwa,

Beberu yuko hai. Naanza na hilo kwa sababu namjua dereva aliyekuletea barua hii: kabla hujaifungua atakuwa amekwisha kukuambia kwamba mbuzi wako alikaribia kufa, na sitaki usome huku moyo unakudunda. Sasa nikusalimu vizuri. Habari za Mwenga? Goti la Maman limepoa? Mihogo mmeanza kung'oa? Simu yenu haipatikani, ndiyo maana naandika. Mimi ni mzima wa mwili, ila akili haitulii. Ukiona mwandiko umepinda, ujue nimekaa juu ya bidon ya maji uani, jicho moja kwenye karatasi, jingine kwenye mbuzi.

Ulipomtuma kwa lori uliniagiza: huyu ni wa mahari, wa mjomba wa Nsimire, afike kwao Miti akiwa na nguvu, maana mjomba anataka awapande majike wake. Nami niliogopa aibu. Safari ilikuwa imemkondesha, na wakwe zangu wana macho. Nikaanza kumnenepesha kama tunavyofanya hapa mjini: machicha ya kiwanda cha pombe, yale tunayoita dreshi, na pumba za mahindi juu yake, asubuhi na jioni. Maji nilimpa kidogo, kwa kuwa bomba letu linatoka linapotaka lenyewe, na jirani yangu Maman Cibalonza alisema mbuzi akinywa sana anaharisha. Papa, alinona! Manyoya yaling'aa. Kila nikitoka kwenda karakana nilisimama kwanza kumtazama, nikijisifu peke yangu.

Juzi asubuhi nikakuta hajagusa chakula. Alisimama ametanua miguu ya nyuma, mgongo umepinda, akijikamua na kulia kama mtu kabisa. Mkia hautulii, meno anasaga. Mara analala, mara anaamka, anageuka kutazama tumbo lake. Maman Cibalonza akaja mbio na chupa ya mafuta ya mawese.

“Amefunga choo huyu. Kamata mudomo, tumunyweshe!”

Tukamnywesha. Akazidi kulia. Nikachukua ufagio nimsafishie mahali pa kulala, ndipo nikaona: mavi yalikuwepo, mengi, mabichi. Choo hakikufungwa hata kidogo. Lakini chini palikuwa pakavu. Beberu, Papa, wewe unamjua, anajikojolea mpaka ndevu, na asubuhi hiyo banda zima halina tone. Nikapapasa manyoya ya chini ya tumbo, pale mkojo unapotokea. Yalikuwa makavu, yameshika chembechembe kama mchanga. Nikaogopa kweli. Nikampigia daktari wa mifugo.

Nsimire naye alikuwa ameshuka na minibus kutoka Miti, anapeleka mboga sokoni, akapitia kunisalimu. Daktari akaja kwa moto, pikipiki yake ile, akamshika mbuzi tumbo, akatazama ndoo yangu ya dreshi, akatikisa kichwa.

“Hii haiko tumbo. Ni mawe. Pumba mingi, maji kidogo, njo inafanya mawe mule ndani, inaziba njia ya mukojo. Jike inapitisha. Dume njia yake iko nyembamba. Kama mungengoya kesho, kibofu ingepasuka. Sasa mumukalishe chini kama mutoto, na mutu mwingine akamate pembe.”

Nikamkalisha, mgongo wake kwenye magoti yangu. Maman Cibalonza alikuwa amekwisha kukimbilia kwake. Nsimire akaweka kikapu chini, akakaza kitenge, akashika pembe. Daktari akamtoa uume taratibu. Kwenye ncha yake kuna kinyuzi kidogo kinaning'inia, sikuwahi kukijua, na cha huyu kilikuwa kimevimba na kuwa cheusi.

“Tutakata hapa.”

“Ataweza kupanda bado?” nikauliza.

“Atapanda tu. Hii kamba haimusaidie kitu ku ile kazi.”

Nsimire akacheka, mimi nikaona haya. Daktari akakata. Hakikutoka kitu. Akakanda, akangoja, akakanda tena. Tone moja. Matone. Halafu ukatoka mkojo wenyewe, ukamlowesha daktari suruali yote, na sisi tukapiga kelele mpaka majirani wakatoka nje. Nililia, Papa, sikufichi.

Furaha haikukaa. Daktari alisema ni majani tu sasa, na maji mengi yenye chumvi kidogo. Dreshi na pumba nisahau. Mawe mengine yanaweza kuwa bado juu, na akiziba tena, hana pengine pa kukata. Kumsafirisha, hapana. Na sherehe ya kutoa mahari kwao Miti ni Jumamosi ya wiki ijayo.

“Mupeleke tu,” Maman Cibalonza akaniambia. “Nani ataenda kuchungulia kule chini?”

Nilifikiria, nikueleze ukweli. Lakini akianguka huko kwao, watasema nimewaletea maiti inayotembea, na Nsimire ndiye atakayebaki kwao anatukanwa. Nikampigia mjomba wake, Tonton Mugisho, nikamweleza yote. Akasema “nakuya,” akakata simu.

Jana akafika. Kiti akakataa, chai akakataa. Akachuchumaa mbele ya mbuzi, nami kando yake, watu wazima wawili tunangoja mbuzi akojoe. Akakojoa, kidogo, kwa kukatakata. Tonton akampapasa tumbo, halafu akauliza bila kunitazama:

“Nani alimukamata pembe, siku ile ya kukata?”

Unakumbuka walivyotuonya tulipokwenda kujitambulisha: kwao, binti hagusi mnyama wa mahari yake mpaka mjomba apokee kamba. Kwa hofu ya siku ile nilisahau kabisa, na Nsimire sijui kama naye alisahau.

“Ni miye, Tonton,” akajibu Nsimire kutoka mlangoni, maana alikuwa ameshuka tena na mboga zake.

Tonton akageuka, akamtazama. Kisha akainuka, akafungua kamba kwenye nguzo, akaishika mkononi kidogo, akaifunga upya yeye mwenyewe.

“Kama mutoto yetu alishaikamata, basi ilishaingia kwetu. Ibakie hapa mpaka ipone. Ikikufa sasa, ni yetu njo inakufa. Ile siku mukuye na pombe tu.”

Akapanda moto, akarudi Miti bila kunywa hata maji.

Tangu hapo bado nainuka kila saa kutazama chini. Asubuhi amekojoa vizuri, mchana huu kidogo tena, na sijui nifurahi au niogope. Msumari nikipiga karakana, mawazo yako huku.

Msalimie Maman, asilime na goti lile. Msalimie Koko, bibi yangu, mwambie bado nasali kama alivyonifundisha, na wiki hii zaidi. Msalimie shemeji yangu, mume wa dada, akusindikize mpaka barabarani siku ya kuja.

Njoo, Papa, usikose. Umkute mbuzi hai, umkute amekufa, mke ninaye.

Mwanao,
Mulonda