Wageni wa Nyuma ya Maabara

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itawakuta salama, wewe, shemeji na watoto. Sisi huku hatujambo, ila roho yangu haijatulia.

Ulinisihi nijiunge na chama cha walimu wa sayansi, nipate wenzangu wa kushauriana nao. Nikajiunga. Kumbe desturi yao ni kutembeleana madarasani: mtu anakaa nyuma, anakutazama unavyofundisha, hasemi neno. Kwangu alikuja mwenyekiti mwenyewe, mama mmoja mpole kupita kiasi. Unanijua, watu wapole namna hiyo siwaamini hata kidogo.

Ubaoni hakutazama. Alifungua madirisha ya maabara bila kuniomba ruhusa, akachungulia kabati la kemikali, kisha akawauliza wanafunzi kwa nini wanakohoa. Wale watundu walikuwa wakikohoa kila nikianza somo, nami nilishakata shauri kwamba wananidhihaki. Nikaona sasa wamepata mshirika. Wiki iliyofuata alirudi na mwalimu wa fizikia, wakawa wananong'ona kwenye kabati langu. Nikajua wananichimba, wanataka kumpa mtu wao nafasi yangu.

Niliwavaa palepale, nikawauliza kama chama ni cha walimu au cha wapelelezi. Yule mama hakukasirika. Aliniomba nifumbe macho, akanisogezea chupa puani, akauliza ni nini. Nikamjibu kwa kiburi kwamba ni maji, asinifanye mtoto. Nilipofumbua macho, nikasoma karatasi iliyobandikwa kwenye chupa. Yalikuwa mafuta ya taa.

Ndipo akanionyesha chupa ya asidi yenye kifuniko kilichopasuka, iliyokuwa ikivujisha mvuke siku zote hizo, ndio uliowakohoza wanafunzi na kuiua pua yangu. Alisema hata pua yake ilikufa hivyo hivyo, katika maabara isiyo na feni, na ndiyo sababu chama kinazunguka shule hadi shule. Wamemwambia mkuu wetu afunge maabara mpaka feni ipatikane, na kazi yangu isiguswe. Nimewashukuru, ingawa bado nawatazama kwa jicho la pembeni.

Ila kuna jambo ambalo hata shemeji yako hapa nyumbani sijamwambia. Jioni ile nilimpakata mwanangu mchanga, nikamnusa utosini. Sikupata kitu. Nikajaribu shingoni, hakuna. Nililia, dada. Daktari anasema huenda pua ikarudi, huenda isirudi. Njoo unitembelee. Ukifika, mnuse kwa niaba yangu, uniambie mwanangu ananukiaje.

Wasalimie wote hapo, wakubwa kwa wadogo.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba